Makosa ya Kumurudisha Bénédicte

Siku ya Mungu, tarehe 14 desemba 2014

Aha! Umefungua. Ulikuwa wapi muda huu wote, weye Bénédicte? Kaye hii ya kuandikia iko juu ya kabati, inakula vumbi, na ni weye uliyeninunulia. Ulisema: Koko, bibi yangu, andika kila kitu, nikikuja nitasoma. Nikikuja! Mahindi yamevunwa, yamepandwa, yamevunwa tena. Samaki yako inafika kutoka Mahagi-Port, weye hapana. Mimi sikulea samaki.

Basi soma. Siwezi kukusalimia vizuri, nina hasira. Umekula?

Leo nyuma ya misa ulipiga simu. Ukasema labda Noël utabaki huko ziwani. Eti kuna karatasi za wanafunzi za kusahihisha. Eti barabara haijulikani. Nikajibu sawa. Nikasema niko muzuri kabisa. Uongo! Ukuta unakufa.

Unajua habari hii, lakini naandika ili usijifanye umesahau. Siye watu wa Bule tunapaka nyumba kila Noël. Udongo mupya, kisha pembe, ule udongo mweupe wa mutoni. Lakini mama akifa ndani ya nyumba, nyumba inabaki uchi mpaka binti yake atupe mukono wa kwanza wa udongo ukutani. Mukono mumoja tu, kisha kila mutu anaweza kupaka. Na hakuna ruhusa ya kumuomba. Wala kumukumbusha. Mukono ulioitwa haufai kitu.

(Kuandika si kuomba. Nilijiuliza, nikajijibu. Ukiisoma hii, umeshafika.)

Émilienne, mama yako, mutoto yangu, alikufa humu ndani mwaka wa ile mbio kubwa ya vita. Weye ulikuwa bado unaruka kamba. Tangu siku ile ukuta haujaona udongo. Kila Noël uliuzunguka kama mutu anazunguka mbwa, ukasema tutaona mwaka kesho. Kisha ukapata kazi ya ualimu kule Mahagi-Port, ukaondoka na mwaka kesho yako ndani ya mufuko.

Jana Théodore, fundi wa nyumba, alisukuma ukuta wa chumba changu na kidole kimoja. Udongo ukaanguka kitandani. Akasema: Mama Adeline, mvua ya mwezi wa tatu haitabisha hodi. Nikamufukuza. Lakini kidole kilisema kweli.

Wazo lilinijia nikiosha sahani. Mara ya mwisho ulipokuja, mimi nilisimama mulangoni, mikono wazi kama musalaba. Weye ulikuwa wapi? Kwa saluni ya kona! Unagombana na mwenye kusuka nywele juu ya bango lake, KALIBUNI WOTE. Mufuko wako bado mugongoni! Basi nimeelewa. Mutoto huyu haitikii mapendo. Anaitikia makosa.

Nitamupa makosa!


Siku ya kwanza ya juma, 15 desemba

Nilienda kwa mwalimu Gérard. Amestaafu zamani, lakini kidole chake bado kinasahihisha hewa. Nikamuuliza kosa gani la kuandika linauma kupita yote. Alifikiri ninamucheka. Nikasema hapana, mwalimu, nataka kuujua ugonjwa. Akanipa kiti. Akafungua moyo, maskini.

Akasema kuko H. Watu wanaiacha mahali inahitajika, wanaandika APA, wanaandika ABARI, kisha ile H waliyoiiba wanaenda kuificha mbele ya asante. HASANTE! Akashika tumbo. Kuko L na R, ambazo avenue nzima inazibadilisha kama viatu vya mapacha. Mutoto ameandika kwamba alivunja karamu yake, na mwalimu anabaki kujiuliza wageni walikimbilia wapi. Kuko maneno ya kushikamana, KWASABABU, KILAMUTU, kama yanaogopa kutembea peke yao. Na kuko Kifaransa cha masikio. BONE ANE, mwaka mupya umegeuka punda. Hapo alivua kofia. Macho yakalowa. Nikauliza nani amekufa. Akasema hakuna mutu, amekumbuka bango la duka la nyama.

Mimi shule yangu ni ile ya akina mama pa paroisse, kule kanisani, tu, uzee ukiwa umeshaingia. Kwangu mimi herufi ni mbuzi. Akipotea mumoja, kundi bado linafika nyumbani. Mutu akiniambia abari, namujibu muzuri, na chakula kinaiva vilevile. Lakini niliyashika yote kichwani. Dawa ni dawa.

Mwalimu alinisindikiza mpaka njiani. Akasema hajapata mwanafunzi makini namna hii. Niliona haya kidogo. Kidogo tu.


Siku ya pili, 16 desemba

Nimeanza! Nilimuita Yves, jirani yetu wa moto, yule anayebeba abiria kwa pikipiki, aandike ujumbe kwa simu yake. Nikamuonyesha kila herufi mahali pa kukaa. Alitaka kusahihisha. Nikamupiga mukono. Ulitoka hivi:

BENEDIKTE KOKO HANAHUGUA KUJA ALAKA KWASABABU ALI MBAYA

Muzuri sana! H zimejaa mahali haziitwi, na mahali zinaitwa hakuna hata moja. Yves akauliza kama si zambi kusema naugua. Nikasema goti linaniuma, basi ni kweli. Akatuma.

Jibu lilifika moto yake ikiwa bado haijawaka. Nikamwambia asome kwa sauti, majirani wasikie mutoto anavyolia.

Ulikuwa ujumbe wangu mwenyewe. Umesahihishwa. Neno kwa neno, H zote nyumbani kwao, na nukta mwisho. Kisha chini: Ni goti tena, Koko? Natuma samaki na mafuta ya kupaka.

Samaki! Tena samaki!

Yves alicheka mpaka akashikilia usukani. Nikamwambia yeye kwanza aoe, kisha acheke watu wazima.


Siku ya ine, 18 desemba

Ujumbe ni mudogo. Ugonjwa kama wako unataka bango kubwa. Leo niliamka na kipande cha makaa. Juu ya ukuta wetu, upande wa barabara, nikaandika herufi kubwa kama mabata:

NOELI JEMA KWA HWOTE KALIBU APA

Nikasimama mbali nikaangalia. Hata mimi niliona vibaya.

Lakini ukuta mumoja unatosha nini? Mutu atasema ni muzee amekosea. Lazima avenue nzima iugue. Na jirani wa karibu ni nani? Elisabeth.

Unamujua Elisabeth. Tulitoka Bule juu ya lori moja, yeye na kuku wake, mimi na weye na mama yako. Nyumba yake inang'aa kila Noël, na kila Noël anasema yangu ni jino limeoza ndani ya kinywa cha bibi arusi. Jana alimaliza kupaka. Akamulipa mutu wa rangi aandike NOËL NJEMA KWA WOTE. Mimi niliongeza H moja tu. Moja! KWA HWOTE. Nilikuwa namaliza muguu wa pili wa H, mulango ukafunguka.

Elisabeth alitoka na ufagio. Akaniuliza, weye Adeline, nyumba yako kuwa uchi haikutoshi, unataka kuvua na yangu? Nikamujibu kwamba nimemupa herufi ya bure, watu wengine wangesema aksanti. Ufagio ukapanda. Majirani wakatoka. Shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, akatoka na dawa ya meno mudomoni.

Akakata maneno palepale: aliyeharibu ukuta wa mwenzake anaupaka upya. Si herufi. Ukuta. Nikamuuliza ukuta gani. Elisabeth akasema, nyumba iko na ngapi? Ine? Basi.

Shefu akatema dawa, akakubali.


Siku ya posho, mwisho wa juma, 20 desemba

Mugongo wangu si wangu tena. Tangu jana nabeba udongo kutoka mutoni, beseni kichwani, goti linaimba. Elisabeth amekaa kwenye kiti kivulini, ananionyesha na kidole. Pale umeruka. Pale tena. Hata mutu akipaka nyumba ya nguruwe anaangalia kona zake.

Saa sita alikuja na bugali na sombe ya majani ya muhogo. Aligawa mwenyewe. Kwa sahani yangu kulikuwa na kipande cha samaki kikubwa kupita chake. Nilikula na hasira. Nikamaliza yote. Nikalamba kidole, na hasira.

Halafu ona mambo. Leo mchana nimetembea avenue nikitafuta makosa ya kukuitia. Nyumba ya tatu, KWA HWOTE. Nyumba ya sita, KWA HWOTE. Kwa muuza mafuta, HWOTE na nyota mbili! Nikauliza. Wakasema Mama Adeline amesoma pa paroisse, hawezi kuamka asubuhi yote ile kuongeza herufi bure. Kumbe mimi ni mwalimu! Gérard sasa anapitia njia ya nyuma, kofia imeshuka mpaka puani. Nimemupungia mukono. Akaongeza mwendo.

Kilichobaki ni habari ikufikie. Suzanne, yule wa biashara ya samaki, anaenda Mahagi-Port leo. Nikamwambia akuambie kwamba avenue yetu imejaa makosa mabaya, aje aone. Suzanne hajui kusoma. Nikamufundisha: mwambie ni H, mbele ya W. Akaondoka akirudilia kama rozari, H, W, H, W. Pale kona akakutana na muuza vitunguu. Nikamuona anasimama. Nikamuona anabishana bei. Alipoendelea, mudomo wake haukucheza tena.

Basi. H imekufa kwenye vitunguu.


Siku ya kwanza ya juma, 22 desemba

Leo sina kicheko.

Asubuhi walisema magari ya kutoka upande wa Mahagi yamekwama njiani, pale Iga Barrière. Mumoja anasema ni risasi. Mwingine anasema ni tairi. Tangu vita ilale, siye tunatembea polepole ili isiamke, na kila mlio unatushika shingoni. Simu yako haiingii. Nilipiga kupitia simu ya Yves mpaka betri yake ikakwisha.

Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Nikasema, Mungu, ile niliyoomba, nirudishie. Ukuta uanguke. Uanguke hata leo, na kitanda yangu ndani. Acha mutoto abaki kule na karatasi zake, asahihishe mpaka azeeke, lakini asiwe ndani ya yale magari.

Elisabeth alitoka kwake. Nikafikiri anakuja kusema ukuta wake wa nyuma haujaguswa. Akaketi kwenye jiwe lilelile, akanisukuma na kiuno nimupe nafasi. Alikuwa na karanga. Alimenya, akaweka kwenye kitenge changu. Akamenya zingine. Tulikaa vile tulivyokaa juu ya lori kutoka Bule, mabega yanagusana, macho mbele.

Jua likiwa linashuka, Yves alirudi kutoka parking ya magari. Akapiga kelele akiwa bado mbali: tairi! Ni tairi ya lori la mbao! Magari yanapita!

Elisabeth akasimama, akapangusa maganda. Akasema, vizuri, kesho udongo mapema. Nikamuita jina moja siandiki hapa. Akacheka. Mimi pia.

Samaki yako imefika na yale magari. Weye hapana. Safari hii nilisema asante Mungu.


Siku ya tatu, 24 desemba

Naandika polepole, weye umelala pale, siwezi kupiga kelele.

Mchana nilikuwa nabakiza upande mumoja wa Elisabeth. Beseni ya udongo ilikuwa katikati ya nyumba mbili. Nilikuwa nimechafuka mpaka viwiko. Teksi ikasimama. Ukashuka na mufuko, hukusalimia mutu, ukaja moja kwa moja kama askari. Ukaniuliza kama ni kweli nabeba udongo kichwani na goti lile.

Suzanne! Hakusema H wala W. Alikuambia habari ya goti tu, na Koko anavyochechemea kutoka mutoni kwa kazi ya Elisabeth. Makosa yote yale niliyopanda, na mutoto amekuja juu ya goti!

Ulinigombeza mbele ya avenue nzima. Ulisema mimi ni muzee bila akili. Ulisema muzee wa namna yangu anafungwa kamba. Nilifurahi sana.

Ukageuka kumugombeza na Elisabeth. Hapo macho yakaanguka juu ya ukuta wetu. Mudomo ukabaki wazi. Ukasoma kwa sauti. Noeli jema. Kwa nini? Kwa hwote? Ukauliza nani ameandika kitu hiki. Nikasema sijui. Makaa ilikuwa kwenye sikio langu, kama penseli ya Théodore.

Na weye, bila kufikiri, uliinama. Ukachota udongo kwenye beseni, mukono mujazo. Ukapiga ukutani. Pah! Juu ya ile H.

Avenue ikageuza vichwa. Hata watu wasio wa Bule walijua. Elisabeth alishika mudomo. Théodore, aliyekuwa anapita, alishusha ngazi.

Ukaangalia ukuta. Ukaangalia mukono wako. Nikaona unaelewa, kutoka vidole mpaka usoni, kama maji yanapanda kwenye kitambaa.

Udongo ulikuwa bado mubichi. Mukono mubichi unaweza kufutwa, na ukifutwa ni kama haukufika. Nilitaka kukuambia, futa, mutoto yangu. Kama moyo haujawa tayari, futa, ukuta ni udongo tu, nitalala kwa Elisabeth. Lakini hakuna ruhusa ya kusema. Nikauma mudomo. Ni mara ya kwanza nimenyamaza katika maisha yangu, mashahidi wapo.

Théodore akaanza kuuliza kama mukono uliokuja kufuta kosa unahesabiwa. Elisabeth akamwambia afunge kinywa au atakula ufagio.

Ukaomba maji.

Nikajua unataka kunawa. Nilikuletea kwenye kopo. Nusu yake nilimwaga njiani. Ulichukua kopo. Hukunawa. Ulimimina maji ndani ya beseni, ukapiga magoti, ukaanza kuukanda ule udongo. Sauti yako ilikuwa ndogo. Ulisema, huu ni mukavu sana, Koko. Mama alikuwa anaulainisha zaidi.

Kisha ukalia, na mikono haikusimama.

Elisabeth ndiye alipiga kelele: Mukono umefika! Akatoa vigelegele mpaka kuku wakaruka. Akaingia kwake, akatoka na beseni yake, akapandisha kitenge magotini, akaanza ukuta wetu na mikono yake mwenyewe. Akasema ule upande wake uliobaki unaweza kungoja, nyumba ya Émilienne imengoja zaidi. Suzanne, aliyesharudi, alishika upande wa chumba. Yves alileta maji kwa moto yake, madumu mawili mawili. Hata mwalimu Gérard alikuja, akavua kofia, akapaka mahali pamoja tu, pale palipoandikwa APA. Alipaka pale mara nyingi sana.

Mimi walinikalisha kwenye kiti cha Elisabeth kwa sababu ya goti. Basi nikaonyesha na kidole. Pale umeruka. Pale tena.


Siku ya tano, 26 desemba

Nyumba yetu ni nyeupe. Nimetoka mara ngapi kuiangalia, sisemi. Jana nyuma ya misa uliandika juu ya mulango, na burashi ya Théodore, NOËL NJEMA KWA WOTE, na chini, kidogo, ÉMILIENNE. Nilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Hakuna hata moja iliyopotea. Niliweka shavu pale. Nimebaki na pembe nyeupe usoni, watu walinicheka mpaka sokoni.

Leo asubuhi umetembea avenue yote na burashi, unaondoa H. Muuza mafuta amekataa. Amesema ya kwake ina nyota mbili na inabaki. Mumegombana mpaka chakula kikapoa. Sasa umelala, kucha zako bado na udongo. Kesho teksi.

Suzanne anajisifu kila mahali kwamba ni yeye alikuleta, na habari yake ya goti. Suzanne anajua nini? Ile H ndiyo ilichota udongo. Mimi nilikuwa pale. Makosa ni dawa kabisa, Bénédicte! Nilikuwa nafikiri yanafaa kwako tu, kumbe kila mutu yuko na yake.

Chukua mujomba wako Evariste, kule Aru. Miaka haji. Anasema kazi. Lakini Evariste hawezi kusikia nyimbo za kanisa zikipotoka, tangu utoto anaziba masikio na analia. Basi leo nimejiandikisha korali. Nimeomba sauti ya juu kabisa. Nimeimba wimbo mumoja tu wa kujaribu, na Monique, mukubwa wa korali, ameketi chini na kuomba kwenda kupumzika. Pasaka misa yetu itapita kwa radio. Aru wanasikia radio. Atakuja! Atakuja mbio!

Na weye, Pasaka ukikuja, usipite barabarani. Pitia nyuma, kwa migomba ya Elisabeth, na ufunge macho mpaka mimi nikushike mukono. Kuna kosa kubwa nitakuwa nimeandika kwenye mulango wa choo, nataka nikuonyeshe mwenyewe.